Kokwa ya tunda ina hazina, lakini si kila unga ni dawa

Msimu wa maembe unapofika, pita sokoni Marikiti jijini Nairobi au Kongowea kule Mombasa ujionee mwenyewe. Kokwa zimetapakaa kila mahali. Muuza sharubati huzirundika kando ya meza, watoto huzitupa njiani, na jioni mikokoteni ya taka huzizoa zote kuzipeleka jaani. Kwa miaka mingi hakuna aliyezitazama mara ya pili.

Siku hizi mambo yamegeuka. Kokwa za parachichi, tunda ambalo wengi wetu huliita avokado, zinakaushwa juu ya paa za nyumba, zinasagwa na kuuzwa katika vifuko na mikebe. Kiini cha kokwa ya embe nacho kimeanza kufuata njia hiyo. Unga huo unasifiwa kwamba unashusha presha, unapunguza sukari mwilini, unaondoa kitambi na hata kutibu saratani. Ukiuliza ni kwa nini, utajibiwa kwa neno moja: antioksidanti.

Neno hilo si la uongo. Antioksidanti zimo ndani ya kokwa, tena kwa wingi. Lakini kati ya kitu kuwamo ndani ya kokwa na kitu hicho kukufaa wewe mwilini pana safari ndefu, na wengi wanaouza unga huu hawakuambii habari za safari hiyo.

Naandika haya kwa sababu ya mama mmoja aliyeletwa kwangu akiwa ameshikwa mikono na binti zake wawili. Alikuwa ameishi na ugonjwa wa sukari kwa miaka tisa na vidonge vyake vilikuwa vikimfaa. Jirani alimshauri atumie unga wa kokwa za parachichi, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, naye akaona hakuna haja ya kumeza vidonge tena. Wiki sita baadaye alikuwa akinywa maji usiku kucha, amekonda na macho yameingia ukungu. Tulipompima, sukari yake ilikuwa 26. Mgonjwa wa sukari anayejitunza vizuri hutarajiwa kuwa kati ya 4 na 7 kabla ya kula.

Alilazwa hospitalini na akapata nafuu. Nilipomuuliza kwa nini aliacha vidonge, alinijibu: "Daktari, si niliambiwa ni kitu kimoja, tena hiki hakina kemikali?"

Makala haya ni jibu langu kwake, na kwako msomaji ambaye huenda una mkebe kama huo jikoni.

Antioksidanti ni nini?

Ukiacha msumari nje kwenye mvua, unashika kutu. Ukikata parachichi ukaliacha mezani, nyama yake inageuka rangi na kuwa ya hudhurungi. Ukiweka mafuta ya kupikia karibu na jiko kwa miezi, yanaharibika na kunuka. Mambo haya matatu yana chanzo kimoja: oksijeni iliyo hewani inapokutana na kitu, hukila polepole.

Mwilini mwako pia oksijeni inafanya kazi usiku na mchana. Ndiyo inayounguza chakula ili upate nguvu. Lakini kama vile jiko la makaa lisivyokosa kurusha cheche, seli za mwili nazo hutoa cheche zake. Wataalamu huziita radikali huru. Hizi ni chembe ndogo mno ambazo zimepungukiwa na elektroni moja, na hazitulii mpaka ziipore kutoka kwa chembe jirani. Iliyoporwa nayo huigeukia nyingine, na hivyo uharibifu unasambaa kama moto wa nyasi. Unaweza kufika kwenye mafuta yanayozunguka seli, kwenye protini, hata kwenye DNA, ambayo hubeba maagizo yote ya seli. Moshi wa sigara, moshi wa magari na jua kali huzidisha cheche hizi.

Antioksidanti ni chembe inayokubali kutoa elektroni yake bila yenyewe kugeuka kuwa mporaji. Kwa hivyo moto unaishia hapo. Vitamini C na vitamini E hufanya kazi hii. Kadhalika polifenoli, ambalo ni jina la jamii kubwa ya kemikali za mimea, zikiwemo tanini zinazofanya chai ya rangi ikaushe ulimi.

Mwaka 1956 mwanasayansi wa Marekani, Denham Harman, alichapisha nadharia kwamba kuzeeka kwa mwili kunatokana na uharibifu wa radikali huru. Kutokea hapo watu wakapata wazo lililoonekana rahisi: kama radikali ni adui, basi kadiri unavyomeza antioksidanti nyingi ndivyo utakavyoishi miaka mingi. Tutaona baadaye wazo hilo liliwafikisha wapi.

Kwa nini zimejaa kwenye kokwa?

Kokwa ni mtoto wa mti. Ndani yake mti umeweka akiba ya mafuta, wanga na protini ya kumlisha mtoto huyo hadi atakapotoa majani yake mwenyewe. Akiba hiyo inatamaniwa na wadudu, kuvu na panya, na mafuta yake yanaweza kuharibiwa na hewa. Ndiyo sababu mti huijaza kokwa kemikali za ulinzi. Ule uchungu na ukakasi unaousikia ukiuma kiini cha embe si bahati mbaya. Huo ndio ulinzi wenyewe.

Katika parachichi, sehemu kubwa ya polifenoli za tunda zima imo kwenye kokwa na ganda. Nyama tunayokula ina kiasi kidogo tu. Kiini cha embe kina asidi ya galiki, asidi ya elajiki, tanini na kemikali iitwayo mangiferini, ambayo imepata jina lake kutokana na jina la kisayansi la mwembe.

Watu wametumia kokwa hizi kabla ya maabara kuwapo. Nchini India, viini vya maembe viliroweshwa, vikakaushwa na kusagwa kuwa unga wa kuliwa wakati wa njaa. Mafuta ya kiini hicho yanafanana na mafuta ya kakao, na tangu mwaka 2000 sheria ya Umoja wa Ulaya imeyataja miongoni mwa mafuta sita ya mimea yanayoruhusiwa kutiwa katika chokoleti, mradi yasizidi asilimia 5.

Hapa kwetu, mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, Juja, walichapisha uchunguzi wa viini vya maembe yanayokuzwa Kenya. Walikuta vina antioksidanti za kutosha, na kwamba mchujo wake, yaani kile kinachobaki baada ya kemikali hizo kutolewa kwenye unga na kuchujwa, uliweza kuzuia vijidudu kadhaa kukua katika maabara.

Kwa hivyo hazina ipo. Swali ni namna ya kuitoa ikiwa hai.

Kazi ya kuitoa

Fanya jaribio hili nyumbani. Kata kokwa mbichi ya parachichi vipande viwili na uviache mezani. Mwanzoni ni vyeupe kama krimu. Baada ya dakika chache vinaanza kuwa rangi ya chungwa, kisha vyekundu. Watafiti wa chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania, Marekani, wameichunguza rangi hiyo kwa kutaka kuitumia kutia chakula rangi.

Kinachotokea ni hiki. Kokwa ikiwa nzima, polifenoli na kimeng'enya kinachoziharibu hukaa katika vyumba mbalimbali vya seli. Kisu kinapopasua kuta za vyumba hivyo, vitu hivi viwili hukutana, hewa inaingia, na polifenoli zinaanza kugeuka kuwa kitu kingine. Kwa maneno mengine, baadhi ya antioksidanti ulizozitaka zinatumika hapo hapo mezani, mbele ya macho yako.

Mtaalamu anayejua kazi yake hapotezi wakati. Kokwa hutolewa kwenye tunda bichi, husafishwa, na mara nyingi hupitishwa katika maji ya moto au mvuke kwa muda mfupi ili kuua kile kimeng'enya. Kisha hukatwa na kukaushwa kwa joto la chini, kama nyuzijoto 40 hadi 50, ndani ya kikaushio chenye hewa inayopita. Baadaye husagwa laini ili kiyeyushi kiweze kuingia kila upande. Kiini cha embe, kwa kuwa kina mafuta, huondolewa mafuta hayo kwanza.

Kuhusu kiyeyushi, fikiria chai. Unapomwaga maji ya moto juu ya majani ya chai, maji huvuta rangi, ukakasi na harufu, lakini majani hayaishi. Kuna vitu ambavyo maji hayawezi kuvitoa. Ndivyo ilivyo kwa kokwa. Maji matupu hutoa baadhi ya polifenoli, pombe kali aina ya ethanoli hutoa nyingine, na mara nyingi mchanganyiko wa viwili hivyo hutoa nyingi kuliko kimoja peke yake. Joto nalo lina kipimo chake. Likiwa dogo kazi inachelewa, likizidi linaunguza kile unachokitafuta.

Baada ya kuchuja, kiyeyushi lazima kiondolewe. Hapa hutumika mtambo unaopunguza kani ya hewa ndani ya chupa ili kiyeyushi kichemke bila joto kali. Mkazi wa Nyahururu anaifahamu kanuni hii hata kama hajaisoma darasani. Kwa kuwa mji wake uko juu na kani ya hewa ni ndogo, maji ya chai huchemka yakiwa yapata nyuzijoto 92, ilhali Mombasa huchemka yakifika 100.

Naomba nitoe onyo hapa. Chunguzi nyingi za maabara hutumia methanoli kutoa antioksidanti, kwa sababu ni rahisi na ina nguvu. Methanoli ni sumu. Mnamo Mei 2014 iliua zaidi ya watu 80 nchini Kenya waliokunywa pombe iliyochanganywa nayo, na wengine wakapofuka. Usijaribu kabisa kurowesha kokwa katika spiriti ya kusafishia vidonda ili upate dawa ya kunywa. Spiriti hiyo haikutengenezwa ipite kooni.

Kuitunza ni kazi nyingine

Tuseme mchujo umepatikana. Sasa tabu nyingine inaanza, kwani kitu ambacho sifa yake ni kukubali kuunguzwa na oksijeni kwa niaba ya wengine hakiwezi kukaa wazi kikabaki salama. Maadui wake ni watano: hewa, mwanga, joto, unyevu na madini kama chuma. Ukikatia kokwa kwa kisu cha chuma cha kawaida utaona doa jeusi. Ni tanini imeshikana na chuma.

Kwa hivyo wataalamu huufunika mchujo kwa ganda jembamba. Huuchanganya na gundi au wanga uliovunjwavunjwa, kisha huurusha kama manyunyu ndani ya chumba cha hewa moto. Maji hukauka mara moja, na kila tone hubaki kuwa chembe ya unga ambayo antioksidanti zimefungiwa ndani yake. Maziwa ya unga unayonunua dukani hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Njia nyingine ni kugandisha mchujo kuwa barafu na kuondoa maji yake bila kuyaacha yayeyuke, kama inavyofanyiwa baadhi ya kahawa ya papo kwa papo. Njia hii hutunza zaidi, lakini ni ghali.

La kutia moyo ni kwamba gundi bora kwa kazi hii tunayo. Ni ile inayotoka katika migunga ya kaskazini mwa nchi, kama vile Turkana, Samburu, Isiolo na Marsabit. Maembe tunayo Makueni na Machakos, na maparachichi yamejaa Murang'a. Pengine siku moja kiwanda kitaviunganisha vitu hivi vitatu na mkulima apate bei kwa kile anachokitupa leo.

Lakini angalia ni kwa kazi gani. Faida iliyo karibu zaidi ya michujo hii ni kulinda chakula: kuzuia mafuta ya kupikia yasiharibike na kuzuia soseji zisinuke, badala ya kemikali za viwandani zinazotumika sasa. Hiyo ni faida ya kweli. Kutibu ugonjwa wa sukari ni habari nyingine kabisa.

Unga wa juu ya paa

Sasa linganisha safari hiyo na unga ulio katika mkebe wako. Kokwa zilikusanywa hotelini zikiwa zimekaa siku moja au mbili. Zikakatwa, zikawa nyekundu. Zikaanikwa juani siku tatu au nne, mwanga na hewa vikizipiga. Zikasagwa kwenye mashine, zikapata moto. Zikatiwa katika mfuko wa plastiki unaoona ndani na kuwekwa dirishani pa duka. Kilichobaki humo ni kiasi gani? Hakuna aliyepima. Mkebe wa mwezi huu na wa mwezi ujao unaweza kutofautiana sana, maana kokwa hutofautiana kwa aina ya tunda, ukomavu wake na namna zilivyokaushwa.

Isitoshe, kuna hatari ya kuvu. Mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyoota kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini. Kuvu za namna hiyo hupenda nafaka na mbegu zenye mafuta zilizokauka nusunusu. Kokwa iliyoanikwa wakati wa mvua, ikanyeshewa usiku na kuanikwa tena asubuhi, ni mahali pazuri pa kuvu kuzaliana. Ikishasagwa huwezi kuiona, na kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.

Chupa ya maabara si mwili wa binadamu

Labda utaniuliza: "Daktari, na ukipata unga uliotengenezwa vizuri, huo nao vipi?" Swali zuri. Hebu tuone vipimo vinavyotajwa katika matangazo vinapatikanaje.

Kipimo kimoja maarufu hutumia kemikali iitwayo DPPH. Rangi yake ni ya zambarau iliyokolea. Ukiitilia antioksidanti, zambarau inafifia na kuwa manjano. Kadiri inavyofifia ndivyo mchujo unavyosemwa kuwa na nguvu. Ni kipimo safi kwa kulinganisha kokwa moja na nyingine. Lakini kinachofanyika hapo kinafanyika ndani ya chupa.

Mwilini mambo ni tofauti. Polifenoli nyingi, hasa tanini kubwa kubwa, hazipiti kwa urahisi kwenye ukuta wa utumbo. Zile zinazopita hubadilishwa umbo na ini, na nyingi hutolewa kwa mkojo baada ya saa chache. Kiasi kinachofika kwenye damu ni kidogo mno kikilinganishwa na kile kilichotiwa katika chupa. Kwa sababu kama hizi, mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa jedwali lake maarufu lililopanga vyakula kwa nguvu ya antioksidanti. Ilieleza kwamba namba hizo za maabara hazionyeshi faida kwa afya ya binadamu, na kwamba wauzaji walikuwa wakizitumia vibaya.

Tena kuna funzo kubwa zaidi. Nchini Ufini, wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara waligawanywa katika makundi. Baadhi walipewa vidonge vya beta-karotini, ambayo ni antioksidanti inayoipa karoti rangi yake, na wengine hawakupewa. Kila mtu alitarajia beta-karotini ingewakinga na saratani. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1994, waliomeza beta-karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Huko Marekani uchunguzi kama huo, wa watu zaidi ya 18,000, ulisimamishwa Januari 1996 kabla ya muda wake. Saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28 kwa waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba wanaume waliomeza vitamini E kwa wingi walipata saratani ya tezi ya kibofu kwa asilimia 17 zaidi.

Inawezekanaje? Maelezo mojawapo ni kwamba mwili unazihitaji cheche zile kwa kiasi fulani. Askari wa damu huzitumia kuua vijidudu, na seli iliyoharibika huzitumia kujiua kabla haijawa saratani. Tena antioksidanti ikizidi kipimo, yenyewe inaweza kugeuka kuwa mporaji. Karoti iliyo kwenye sahani haijamdhuru mtu. Kilichodhuru ni kuitoa kemikali moja ndani ya karoti na kuimeza kwa wingi kila siku kwa miaka.

Kokwa na mbegu za kuogopwa

Watu husema kitu cha asili hakina madhara. La hasha! Ukumbuke muhogo mchungu, ambao ni wa asili na una sumu ya sianidi. Mbegu za lokwati, yale matunda ya manjano ambayo watoto wa Nairobi huyachuma kwenye nyua, zina kemikali inayotoa sianidi hiyo hiyo zikitafunwa au kusagwa. Mtoto akimeza mbegu moja nzima kwa bahati mbaya hakuna neno, lakini kuzisaga ziwe dawa ni kucheza na mauti.

Mbegu za stafeli na topetope ziepuke kabisa. Zimetumiwa kuua chawa, na unga wake ukiingia machoni huyaumiza vibaya. Kemikali yake iitwayo anonasini hudhuru seli za ubongo. Katika kisiwa cha Guadeloupe, mwaka 1999 madaktari waliripoti ugonjwa unaofanana na ule wa Parkinson, wa kutetemeka na kukakamaa, kwa watu waliotumia sana matunda na majani ya jamii hii.

Michujo ya mbegu za papai ilipopewa tumbili wa kiume katika maabara nchini India, mbegu zao za uzazi ziliisha. Ziliporudi ni baada ya kuacha kupewa. Kijana anayetarajia kupata mtoto na alifikirie hilo kabla ya kuzisaga kila asubuhi.

Na kokwa ya parachichi yenyewe? Majani, ganda na kokwa vina kemikali iitwayo pesini, inayojulikana kuwadhuru mbuzi, sungura, farasi na ndege. Kwa binadamu, hakuna uchunguzi wa kutosha unaoonyesha kwamba kula unga wake kila siku kwa muda mrefu ni salama, na hakuna kipimo cha dozi kilichokubaliwa.

Kadhalika tanini huzuia mwili usinyonye madini ya chuma kutoka kwa chakula. Mama mjamzito, mtoto mdogo au msichana anayepoteza damu nyingi kila mwezi akinywa unga huu pamoja na chakula, upungufu wake wa damu unaweza kuzidi.

Ufanye nini basi?

Kwanza, usiache dawa ulizoandikiwa. Presha haina kelele. Unaweza kujihisi mzima mpaka siku mshipa utakapopasuka kichwani. Kama vidonge vinakusumbua au bei yake imekushinda, mwambie daktari wako. Zipo dawa za aina nyingi na zipo za bei nafuu.

Pili, kama tayari unatumia unga wa kokwa, usifiche. Nenda nao kliniki. Daktari anayekukemea badala ya kukusikiliza amekosea, lakini mgonjwa anayenyamaza anajidhuru mwenyewe. Ni muhimu zaidi ikiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, za sukari, za presha au za saratani, kwani mitishamba mingi inaweza kubadilisha utendaji wa dawa hizo.

Tatu, bidhaa inayodai kutibu ugonjwa ni dawa, na dawa hupaswa kusajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Uliza nambari ya usajili. Muuzaji akikasirika, hilo ni jibu tosha.

Nne, pata antioksidanti zako mahali ambapo ni rahisi na salama. Shirika la Afya Ulimwenguni linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, yaani mafungu matano hivi. Kipande cha embe, nusu ya parachichi, chungwa, sahani ya managu au kunde pamoja na nyanya za kachumbari vitakutosha. Humo antioksidanti zimo pamoja na nyuzinyuzi na vitamini, kwa kiasi ambacho mwili wetu umekizoea.

Tano, zilinde jikoni kwa kanuni zile zile za maabara. Katakata mboga dakika chache tu kabla ya kupika, usizichemshe hadi zigeuke rangi, na usimwage supu yake. Paka maji ya ndimu juu ya nusu ya parachichi iliyobaki na uifunike isipate hewa. Weka mafuta ya kupikia kabatini, mbali na jua na jiko.

Na kokwa? Ipande. Kokwa ya embe ikiwa bado mbichi, itoe kwenye ganda lake gumu, iweke kwenye mkebe wenye udongo na uinyweshe maji. Ile akiba yote ya mafuta na ulinzi iliwekwa humo kwa ajili ya mche.

Yule mama niliyemtaja bado huja kliniki kila mwezi. Anameza vidonge vyake, anakula parachichi kwa chakula cha mchana, na kipimo chake cha mwisho kilikuwa 6. Mkebe wa unga aliuleta siku moja akaniachia mezani. "Daktari," akasema, "huu wafundishie wengine." Nami ndivyo nilivyofanya leo.